Tunda la Muratina Lina Kazi Gani?



Tumeitwa hapa kwa swali moja: je, ni vizuri kutia matunda katika pombe ya kienyeji wakati inapochacha? Kwanza tuseme wazi. Hatukuja kuhimiza ulevi. Wako kati yetu wasioonja hata tone, na tunawaheshimu. Lakini muratina hutakiwa kwenye ruracio katika nyumba nyingi za Wakikuyu, na Wakamba nao wana kaluvu yao. Asali na miwa ya kuitengenezea hutoka mashambani mwetu. Basi heri tuseme ukweli kuliko kunyamaza.

Tunda la muratina ni lile refu linaloning'inia kwenye mti ambao Waswahili huuita mwegea. Likiwa bichi ni sumu, haliliwi. Wazee hulipasua, hulianika juani, hulichemsha na kutoa mbegu, kisha hulitia katika pombe kidogo ya kwanza ili lishike hamira, ndipo hulikausha tena.

Sasa, wengi hudhani tunda hili ndilo linaloleta ukali. La, sivyo. Ukali hutoka kwa sukari ya asali au ya miwa. Tunda lina nyuzinyuzi nyingi, na humo ndimo hamira hukaa. Hamira ni vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari na joto, vinaila ile sukari na kutoa kileo pamoja na hewa. Ndilo lile povu mnaloliona. Kwa hivyo tunda ni nyumba ya hamira, na likitunzwa hutumika tena na tena. Lakini likishika ukungu, au chombo kikiwa kichafu, vijidudu vingine vinaingia na kazi yote inageuka siki.

Na embe au nanasi je? Linaweza kutiwa. Lioshwe, na lililooza litupwe. Ila mjue kwamba embe linaongeza sukari. Ukilitia pombe ikiwa karibu kutulia, hamira huamka na kuanza kazi upya. Ukifunga chupa kwa nguvu siku hiyo, hewa hukosa njia, na chupa inaweza kumpasukia mtu usoni. Ngojeni mpaka povu liishe kabisa.

Hapo ndipo penye shida: watu hawataki kungoja. Eti muratina huchukua siku kadhaa, basi afadhali kuongeza kitu cha dukani ili ikolee upesi. Ndugu zetu, mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Mei 2014 wengi walikufa tena, Embu, Kitui na kwingineko. Hawakuuawa na tunda wala asali. Waliuawa na methanoli, spiriti ya viwandani, iliyochanganywa katika vinywaji. Haionekani kwa macho, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja. Anayeichanganya anajua, anayekunywa hajui. Hiyo si biashara, ni kuua jirani.

Tena kuna sheria. Tangu sheria ya vileo ya mwaka 2010, kutengeneza pombe ya kuuza bila leseni ni kosa, na kumwuzia mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa pia.

Basi mkirudi kwenye vikundi vyenu, hebu kaeni chini mzungumze: asali yetu tunamwuzia nani, naye anaitumia vipi? Wazee wanaojua kukausha tunda hili, tunawasikiliza au tunawacheka? Na kijana akija na chupa isiyo na jina, akisema "ongeza hii kidogo tu," ni nani kati yetu atakayesimama aseme hapana?

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu isimdhuru mtu.