Ndiva Imejaa Udongo, Haijafa

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam)

 

Tuliombwa tusisome mahesabu leo. Mahesabu yamo ndani ya kijitabu hiki, yamekaguliwa, na kila mmoja anaweza kuyafungua akiwa ametulia. Tuliombwa tuzungumze juu ya mtazamo: kwa nini watu wawili wakipatwa na jambo lile lile, mmoja analala chini na mwingine anatafuta jembe. Ni mada ya wahubiri na wahamasishaji, na wahasibu siyo watu wa kuhamasisha mtu. Lakini tunalo jambo la kulipimia, nalo ni ndiva yetu.

Kwa watoto wetu waliozaliwa huku mjini, tueleze kidogo. Ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wa Upare walilijenga mlimani kwa mawe na udongo. Mfereji unaleta maji kutoka kijitoni, bwawa linajaa usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka mashambani kwa zamu. Ukoo huu leo, ukoo ule kesho. Yuko msimamizi, iko ratiba, na ziko faini kwa anayeiba zamu ya mwenzake. Watafiti wametoka mbali kuja kuzisoma ndiva za bonde la Makanya, kwa sababu waliona jambo la ajabu: watu wasio na injinia wala mkopo wa benki wamepanga maji ya mto mmoja yakatosha koo nyingi.

Ya kwetu imejaa udongo. Mvua kubwa zilishusha mchanga, miti ya juu ilikatwa, na msaragambo wa kuizoa ulikuwa umelegea miaka mingi. Kamati ilipopanda kuiangalia, palikuwa na kauli mbili pale pale ukingoni. Kauli ya kwanza: "Hii imekufa, tuiombe serikali bomba." Kauli ya pili ilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa na kuni kichwani, wala hakuwa mjumbe wa mkutano. Alisema, "Imejaa tu." Akaendelea na safari yake.

Kwenye taaluma yetu maneno hayo mawili yana tofauti kubwa. Mali iliyokufa unaifuta vitabuni na habari yake imekwisha. Mali iliyojaa udongo bado ni mali, ila inadai gharama ya kuirudisha. Gharama unaweza kuipima: urefu, upana, kina cha udongo, watu wangapi, siku ngapi. Mama yule hakutuambia tuwe na matumaini. Alitutoa kwenye kulia akatupeleka kwenye kupima.

Tuseme wazi hapa, maana mada hii huharibiwa na watu wanaouza maneno matamu kumbini. Mtazamo peke yake hauzoi udongo. Mjane ambaye mahindi yake yamekauka vuli na masika hahitaji mtu wa kutoka mjini kumwambia abadili fikra. Anahitaji maji. Novemba 2009 mlima uliporomoka usiku kule Mamba Miamba, zaidi ya ndugu zetu 20 wakapoteza maisha. Hawakufa kwa kuwa na mtazamo mbaya, na yeyote atakayesema hivyo mbele yetu tutamwomba akae chini. Kazi ya mtazamo ni ndogo kuliko inavyotangazwa, ila ni ya lazima: unaamua swali lipi tuulize kwanza baada ya pigo. Tunaweza kuuliza nani katufanyia hivi. Tunaweza pia kuuliza kimebaki nini. Swali la kwanza lina haki yake, tena watani zetu Wachaga wanadai sisi tutauza ng'ombe ili tufuatilie kesi ya kuku. Basi na iwe hivyo. Lakini ng'ombe akishauzwa, ndiva bado itakuwa imejaa.

Na wazee wetu walijua kuyauliza maswali yote mawili kwa pamoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi mpya iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake, kisha akatozwa kwa kadiri ya makadirio hayo. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani kwa miguu hadi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga. Wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika kitabu juu yake, kilichotoka mwaka 1971. Kwetu sisi watu wa hesabu, sehemu inayosisimua ni kwamba wazee wale hawakukataa kulipa kodi. Walisema wako tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja kama zamani, ila makadirio ya mbiru hawayataki. Yaani walitenganisha mzigo na namna ya kuubeba. Mtu aliyekata tamaa hawezi kutenganisha hivyo, kwake kila kitu ni donge moja. Hatimaye mbiru iliondolewa.

Tugeukie sasa mtazamo wetu sisi tulioko mjini, maana wa nyumbani ni rahisi kuusema wakiwa mbali.

Akifariki mtu wetu Dar es Salaam, simu zinaita usiku ule ule. Kabla ya kesho yake jioni basi limepatikana, sanduku limelipiwa, mchele na maharage vimenunuliwa, na mweka hazina wa msiba ana daftari lenye majina na viwango. Hakuna anayeuliza katiba ya chama inasemaje. Lakini mchango wa ndiva unapigiwa simu mwaka wa pili sasa, na kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe wa kukumbushia unajibiwa kwa alama ya mikono iliyokunjwa kama ya sala. Fedha ni zile zile na watu ni wale wale. Kinachotofautiana ni jinsi tunavyokuona nyumbani. Tukikuona ni mahali pa kuzikwa na kula Krismasi, tutachangia sanduku. Tukikuona ni mahali ambapo watu wanaishi mwezi wa tatu na wa tisa, wakati sisi hatupo, tutachangia maji.

Kiasi chenyewe hakitishi. Chukueni kalamu. Kaya 200 zikitoa shilingi 5,000 kila mwezi, hiyo ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi na 12,000,000 kwa mwaka. Shilingi 5,000 hapa mjini inakwenda kwa soda chache na nauli ya bodaboda. Tunasemwa kuwa sisi ni wabahili. Mbahili wa kweli angekuwa ameshapiga hesabu hii zamani, akaona kwamba kutuma kidogo kila mwezi ni nafuu kuliko kununulia jamaa zake gunia la mahindi kila ukame unapokuja.

Nao wenzetu wa nyumbani wana lao. Ipo tabia ya kumwona kila aishiye mjini kuwa ni benki. Mtu anashuka kwenye basi pale Same hajanyoosha hata miguu, ameshatajiwa ada ya mtoto na bati la nyumba. Jambo hili lilichosha wengi, baadhi wakaacha hata kwenda. Lakini katika kikao cha mwisho mlimani mzee mmoja alisimama akasema, "Ninyi wa mjini msituulize tuna shilingi ngapi. Tuulizeni tuna mikono mingapi." Kikao kilicheka, kisha kikatulia.

Kauli ile ndiyo iliyotufanya tuongeze safu kwenye vitabu vya chama. Vyama vingi huandika fedha taslimu tu, na aliyechimba siku kumi anaonekana hakuchanga kitu. Tukakubaliana na serikali ya kijiji: siku moja ya msaragambo iandikwe kwa thamani ya kibarua cha siku moja huko huko kijijini. Mawe yaliyobebwa na mchanga uliochekechwa nao uandikwe. Hata uji na makande yaliyopikwa na akina mama kwa ajili ya wachimbaji, debe kwa debe. Mtaiona safu hiyo katika taarifa ya mwaka huu, imeandikwa "Nguvu kazi". Ilipojumlishwa ilizidi safu ya fedha. Kijiji tulichozoea kukiita maskini kinatuongoza kwa michango.

Msiichukulie kuwa ni lugha ya kuwafurahisha wazee. Thamani ile inakaguliwa kama fedha: ziko orodha za mahudhurio, na zina saini za wajumbe wa koo mbili tofauti ili ukoo mmoja usijipendelee. Jina lisilo na saini tumelikata. Kuna waliokasirika kwa hilo, na tutazungumza nao.

Hali ilivyo leo ni hii. Upande wa juu wa ndiva umezolewa hadi kufikia mawe ya zamani, yale waliyoyapanga babu zetu, na ukuta wake ni mzima kuliko tulivyotegemea. Upande wa chini bado. Zinahitajika saruji ya kuzibia panapovuja, koki mpya ya kufungulia maji, na miche ya miti ya asili ya kupanda juu ya mfereji, siyo mikaratusi tafadhali. Bei za vitu hivyo tumezichukua katika maduka matatu ya Same na zimeambatanishwa.

Kadi ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Ina nafasi mbili, moja ya fedha na nyingine ya siku za kazi, na inaruhusiwa kujaza zote mbili. Mnaokwenda nyumbani Desemba, msaragambo utafanyika siku tatu mfululizo kuanzia tarehe 27, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Machepe na matoroli yapo. Kila mtu aje na viatu vya kazi, na aandikishe jina kwa wajumbe kabla ya kuanza kuchimba.