Mapatano ya Philadelphia na Gharama Yake: Misingi ya Katiba ya Marekani na Historia ya Kuundwa Kwake

Katiba ya Marekani, iliyotiwa saini mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787 na ambayo ingali inatumika, mara nyingi husomwa kama kazi ya wanafalsafa waliotafakari asili ya uhuru kisha wakaandika walichokiona. Makala hii inaitazama kwa upande mwingine. Karibu kila msingi unaohesabiwa kuwa nguzo ya serikali ya nchi hiyo ulitokana na ugomvi mahususi, ukafikiwa kwa mapatano, na mapatano hayo yalikuwa na gharama. Kwa hiyo anayetaka kuielewa Katiba hiyo hana budi kuuliza gharama ile ilibebwa na nani, na Katiba yenyewe ilimtendea nini mbebaji huyo baadaye.

Ugomvi wa kwanza ulihusu udhaifu wa serikali iliyotangulia. Mkataba uliokamilika kuidhinishwa mwaka 1781 uliyaunganisha majimbo 13 katika ushirika wa madola huru, yaani muungano ambao kila mwanachama hubaki na mamlaka yake kamili, na chombo cha pamoja huomba badala ya kuamuru. Chombo hicho, Kongresi, kiliweza kutangaza vita na kufunga mikataba na mataifa ya nje, lakini hakikuwa na uwezo wa kutoza kodi yoyote. Kilipeleka maombi ya fedha kwa majimbo, nayo majimbo yalitoa yalipopenda. Kubadili kifungu kulihitaji ridhaa ya majimbo yote, ndiyo maana pendekezo la ushuru wa forodha wa asilimia 5, lililokusudiwa kulipa madeni ya vita vya uhuru, lilikwama mwaka 1782 kwa kukataliwa na Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote. Mwaka 1786 wakulima wa magharibi ya Massachusetts, wengine wao wakiwa askari wa vita hivyo hivyo ambao sasa walikuwa wakinyang'anywa mashamba kwa ajili ya madeni, walifunga mahakama kwa nguvu ili hukumu zisitolewe, na Januari 1787, chini ya Daniel Shays na wenzake, wakaiendea ghala ya silaha ya Springfield. Kongresi haikuwa na jeshi la kupeleka, na wanamgambo wa jimbo waliouzima uasi huo waligharimiwa kwa michango ya wafanyabiashara matajiri.

Hofu iliyoenezwa na tukio hilo ndiyo iliyosaidia kuwakutanisha wajumbe 55 wa majimbo 12 huko Philadelphia kuanzia tarehe 25 Mei 1787, chini ya uenyekiti wa George Washington. Rhode Island haikutuma mtu. Walikubaliana kufanya kazi kwa siri, wakafunga madirisha katika joto la kiangazi. James Madison wa Virginia alichagua kiti cha mbele, akanukuu hoja za kila msemaji siku baada ya siku, na kumbukumbu zake hazikuchapishwa hadi mwaka 1840, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Ni kwa kumbukumbu hizo hasa kwamba leo inajulikana jinsi mkutano ulivyokaribia kuvunjika juu ya swali la uwakilishi, kwani majimbo makubwa yalitaka viti vigawanywe kwa idadi ya watu, na madogo yalitaka usawa. Tarehe 16 Julai, kwa kura za majimbo 5 dhidi ya 4, ilikubaliwa kwamba bunge liwe na mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye viti kwa idadi ya watu, na Seneti ambamo kila jimbo lina kura sawa. Msomaji wa Kenya atautambua msingi huu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inaipa kila kaunti kati ya 47 seneta mmoja wa kuchaguliwa, Nairobi sawa na Lamu.

Kuhusu mihimili mitatu ya dola, yaani Bunge, Serikali na Mahakama, waandishi walimfuata mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu, aliyeona kwamba uhuru hupotea pale anayetunga sheria anapokuwa yeye yule anayeitekeleza. Hata hivyo, maelezo ya kawaida kwamba mihimili hiyo ilitenganishwa ni nusu ya ukweli, kwa sababu kilichofanyika ni kuifuma kila mmoja ndani ya mwingine: Rais anaweza kuukataa muswada kwa kura ya turufu, Kongresi inaweza kuupitisha bila yeye kwa theluthi mbili za kila baraza, majaji huteuliwa na Rais lakini hawakai kitini mpaka Seneti iridhie. Mamlaka makubwa zaidi ya Mahakama ya Juu, yale ya kutangaza kwamba sheria ya Kongresi ni batili kwa kupingana na Katiba, hayakuandikwa waziwazi popote. Mahakama yenyewe iliyathibitisha katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison mwaka 1803.

Yapo mapatano mengine ambayo vitabu vya shule huyapitia haraka, na hapo ndipo panapostahili kusimama. Mara ilipokubaliwa kwamba viti vya Baraza la Wawakilishi vifuate idadi ya watu, liliibuka swali la nani ni mtu wa kuhesabiwa. Majimbo ya Kusini, ambayo yalimnyima mtumwa kura, mali na hata haki juu ya watoto wake, yalitaka ahesabiwe ili yapate viti zaidi. Jibu lililofikiwa lilikuwa tatu ya tano: kila watumwa watano wangehesabiwa kuwa watu watatu. Katiba haikulitaja neno mtumwa. Iliandika "watu wengine wote," kana kwamba waandishi waliliona aibu jina la jambo walilolilinda. Matokeo yake yanapimika. Sensa ya mwaka 1790 ilikuta watumwa wapatao 292,000 katika Virginia, na kwa tatu ya tano hao waligeuka watu 175,000, ambao kwa uwiano wa mwakilishi mmoja kwa watu 33,000 uliotumika baada ya sensa hiyo ni sawa na viti vitano, vilivyokaliwa na watu waliochaguliwa na wenye watumwa na majirani zao. Kwa kuwa kura za kumchagua Rais nazo zilipangwa kwa idadi ya viti vya jimbo katika Kongresi, faida hiyo ilifika hadi Ikulu.

Lalamiko la kukosekana kwa orodha ya haki katika Katiba, ambalo lilikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya mjumbe George Mason akatae kuitia saini, lilijibiwa mwaka 1791 kwa marekebisho kumi ya kwanza, yanayoitwa Hati ya Haki. Lakini hati hiyo iliifunga serikali ya shirikisho peke yake, si majimbo, na mtumwa hakunufaika nayo. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi na kuamua kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Ilihitajika vita vya wenyewe kwa wenyewe ndipo marekebisho ya 13, ya 14 na ya 15, kati ya 1865 na 1870, yafute utumwa, yampe uraia kila aliyezaliwa nchini na kuwa chini ya sheria zake, na yakataze kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Kisha majimbo ya Kusini yakayafanya maandishi hayo kuwa karatasi tupu kwa miongo mingi.

Aliyeyahuisha zaidi marekebisho hayo mahakamani alikuwa Thurgood Marshall, kitukuu cha mtumwa, wakili aliyeongoza kesi ya Brown ambayo mwaka 1954 iliharamisha shule za umma za kubagua rangi, na ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Katiba ilipotimiza miaka 200, mwaka 1987, Marshall alikataa kujiunga na sifa, akasema kwamba serikali iliyobuniwa Philadelphia ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Maneno hayo hayakuwa ya mtu aliyeikataa Katiba, kwani mwanzoni mwa 1960, kwa mwaliko wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, aliufuata ujumbe wa Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba ya nchi yao katika Lancaster House mjini London akiwa mshauri wao wa sheria, akawaandikia rasimu ya hati ya haki. Wazungu na Wahindi wa Kenya walihofia ardhi na mali zao chini ya utawala wa Waafrika walio wengi, na rasimu ya Marshall, aliyetoka kwa wale ambao Katiba ya nchi yake iliwaita watu wengine wote, iliwawekea ulinzi wao pia.