Siri ya Mgonjwa si Siri ya Serikali



Serikali yo yote ikiogopa maswali huanza kwa kufunga daftari. Tuutazame mfano wa Marekani, ambako kila jimbo hujitungia sheria zake. Mwaka 2019 jimbo la Idaho lilitunga sheria ya kuunda kamati ya kuchunguza vifo vya akina mama wajawazito na wazazi. Sheria hiyo iliwekewa kikomo. Agosti 2022 jimbo likapiga marufuku karibu kila utoaji mimba. Julai 2023 likaiacha kamati ife, wakati ilipohitajika zaidi. Ilirejeshwa kwa sheria mpya mwaka 2024.

Huko Georgia, Novemba 2024, wajumbe wote wa kamati kama hiyo waliondolewa. Sababu ni kwamba habari za vifo viwili vilivyohusiana na utoaji mimba, ambavyo kamati iliona vingeweza kuzuiwa, ziliwafikia waandishi wa habari.

Sisi wanasheria twakiri kwamba jina la mgonjwa na cheti chake ni amana, wala havifai kugeuzwa ushahidi wa kumshtaki. Lakini siri hiyo ni ya mgonjwa, si ya serikali. Idadi ya waliokufa, na kilichowaua, ni haki ya umma kuvijua.

Twaweza kutofautiana juu ya mimba, hata makanisani. Tusitofautiane juu ya hili: mama akifa kwa uzazi, jamii ina haki ya kuuliza kwa nini, na sheria iwalinde wanaouliza.