Asumini na Kikuba: Maua Yana Kosa Gani?

(Mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri katika darsa ya vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa)



 Niliambiwa nizungumzie mapambo ya mwanamke. Mambo hayo ni mengi na magharibi haiko mbali, kwa hivyo nitashika ua moja tu, asumini, kwa sababu hapa kwetu ua hili lina wapenzi wengi na lina maneno mengi vilevile.

Mama zetu mliokaa hapa mnayajua haya kuliko mimi. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado ni tumba, ikatungwa kwa sindano na uzi, na ikifika isha imeshafunguka nyumba nzima inanukia. Ukiichanganya na mkadi, rihani na pengine waridi, ukavifunga pamoja, umepata kikuba. Bibi harusi asiye na kikuba, hata awe na dhahabu za kumfikia kiunoni, watu watauliza. Wala si mambo ya jana. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alimfundisha kutunga asumini na kuitia malaloni kwa ajili ya mumewe. Mama mgonjwa anamuusia mwanawe dini yake na dunia yake, na asumini hakuisahau.

Na dini yetu haina ugomvi na harufu nzuri. Katika Sahih Muslim, Abu Hurayra (R.A) amepokea kuwa Mtume (S.A.W) alisema anayepewa rihani asiirudishe, kwa kuwa si mzigo kuibeba na harufu yake ni nzuri. Wanachuoni wanasema rihani hapo ni kila mmea wenye harufu nzuri, kwa hivyo asumini imo. Mpaka uliowekwa mnaujua: mwanamke asitoke akapita mbele ya wanaume ili wasikie harufu yake. Ndani ya nyumba yake ajipambe atakavyo.

Sasa tuje kwenye maneno.

Sisi wasichana tumekuzwa na onyo hili: usivae asumini ukapita chini ya mbuyu magharibi, jini atakupenda. Jini mahaba, ndiye wanayemtaja. Msichana akikawia kuolewa, au akiolewa asielewane na mume, utasikia ati siku fulani alipita mahali fulani na asumini kichwani. Hebu tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Majini wapo, Qur'ani imesema, na atakayewakanusha ana kesi nyingine. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa tuwazuie watoto ndani usiku unapoingia, kwa sababu mashetani huenea wakati huo. Lakini katika hadithi hiyo hakuna ua. Ua limetoka wapi? Mimi naona limetoka kwenye saa. Asumini hufunguka jua likizama na harufu yake hukolea usiku, kwa kuwa maua ya namna hii huwangojea nondo wanaoruka usiku. Bibi zetu wakaona mambo mawili yanakuja saa moja, wakayafunga uzi mmoja. Pengine walitaka tu binti awahi nyumbani, na kwa hilo hatuwalaumu. Lakini binti wa watu kuhukumiwa mashetani miaka kumi kwa sababu ya kishada cha asumini, hilo si dini.

Yako pia maneno ya upande wa pili, ya kulisifu ua kupita kiasi. Mmesikia kuwa waridi liliumbwa kutokana na jasho la Mtume (S.A.W) usiku wa Miraji. Maneno matamu, lakini Imam Nawawi amesema si sahihi, na Ibn Hajar amesema ni ya kuzuliwa. Mtume (S.A.W) hana haja ya kuzuliwa sifa.

Lililonifanya nichague mada hii ni la tatu, nalo ni zito. Wako wanaokwenda kwa mganga wakaambiwa leta asumini, leta uzi, taja jina la mume, funga fundo, uweke chini ya mto. Ndugu zangu, jambo hili lina jina tangu zama za maswahaba. Linaitwa tiwala, kitu anachofanya mwanamke ili apendwe na mumewe. Abdallah bin Masud (R.A) alipokea kwa Mtume (S.A.W), na imo katika Abu Daud, kuwa ni katika shirki. Tena aliyasema hayo nyumbani kwake mwenyewe, kwa mkewe Zaynab, baada ya kuona uzi shingoni mwake na kuukata. Angalieni vizuri: uzi ni uleule, asumini ni ileile. Yule wa Mwana Kupona anatunga ili mume apendezwe, huyu anafunga fundo ili mume asiwe na hiari. Wa kwanza ni mke mwema, na wa pili amemwendea asiyekuwa Mwenyezi Mungu kwa jambo la moyo, na moyo uko mkononi mwa Mola wake.

Lakini na upande mwingine kuna dhuluma. Naijua nyumba moja, sitaitaja, ambayo shangazi alimtungia bibi harusi kikuba kwa mikono yake. Ndoa ilipoanza kuyumba, kikuba kikavu kikakutwa chini ya godoro, kikafunguliwa, yakaonekana mafundo. Mafundo! Kikuba gani kisicho na mafundo? Kitashikana kwa nini? Shangazi akaambiwa mchawi. Idi mbili zimepita hajakanyaga nyumba ya kaka yake, na ndoa yenyewe ilivunjika kwa mambo ya pesa, kila mtu anajua.

Kisa cha Labid bin al-A'sam kimo katika Bukhari. Alimfanyia Mtume (S.A.W) sihiri kwa kitana, nywele na karara, lile ganda linalofunika ua la mtende dume, akavitia katika kisima cha Dharwan. Mwenyezi Mungu alipomponya Mtume wake, alifanya nini? Bibi Aisha (R.A) alimuuliza mbona hakulitangaza jambo lile, naye akajibu kuwa Mwenyezi Mungu ameshamponya na anachukia kuwachochelea watu shari. Akaamuru kisima kifukiwe, basi. Watu wa Madina hawakukata mitende yao, na sisi leo tutafuturu kwa tende. Naye Mtume (S.A.W) alimjua aliyefanya. Sisi hatujui kitu, tumeona uzi tu, na tumeshamaliza undugu.

Kuna dada ameniletea kikaratasi anauliza kama kunusa asumini kunafunguza. Hakufunguzi, kwa sababu harufu si kitu kinachoingia tumboni. Ila katika madhehebu yetu ya Shafi wanachuoni wamesema ni bora aliyefunga aache kunusa maua mchana, kwa kuwa ni anasa na saumu ni kujizuia. Kwa hivyo zitungeni alasiri hii kama kawaida, mziweke kwenye sahani yenye kitambaa kibichi. Zenyewe hazifunguki mpaka adhana ya magharibi.