Kupoa, Kuganda na Jina la Mpemba: Istilahi za Fizikia katika Pwani ya Tanga

1.0 Utangulizi

Kigombe ni kijiji cha wavuvi katika pwani ya Mkoa wa Tanga, kati ya Tanga mjini na Pangani. Theluji haianguki huko, lakini kuganda kunafahamika vizuri. Asubuhi za kipupwe mafuta ya nazi huganda chupani. Damu huganda jerahani, maziwa huganda kibuyuni, maji huganda jokofuni. Kitenzi kimoja hubeba mabadiliko hayo yote. Mhadhara huu unahoji iwapo msamiati wa namna hiyo unaweza kueleza tokeo ambalo fizikia ya dunia imelipa jina la kijana aliyesoma katika mkoa huo huo.

2.0 Swali la Magamba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kwenye milima ya Lushoto, Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wanafunzi wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi jokofuni, aliingiza mchanganyiko wake wa maziwa ungali moto. Uliganda mapema kuliko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokuwa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kuzungumza kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, alilipeleka swali maabara. Makala ya wawili hao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Aristotle na Francis Bacon walikwisha kuligusia jambo hilo, lakini jina lililodumu ni la Mpemba.

3.0 Kupoa si kuganda

Hata hivyo, ubishi haujakwisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa tokeo hilo katika maji. Ieleweke kwamba wao walipima muda wa maji kufikia nyuzi 0 za Selsiasi, yaani walichunguza kupoa. Mpemba aliona kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Kwa hiyo anayepoa kwanza si lazima agande kwanza. Mtafiti asiyetenganisha vitenzi hivi viwili hujibu swali ambalo hakuulizwa.

Wakati ubishi wa maji ukiendelea, swali lilipanuka. Mwaka 2017 Lu na Raz walitoa nadharia ya jumla, na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, walionesha tokeo la aina hiyo kwa chembe ndogo iliyomo majini. Mwaka 2023 Ares, Murciano na Calabrese walilihamishia katika mifumo ya kwanta yenye chembe nyingi: ulinganifu uliovunjwa zaidi unaweza kurejea mapema kuliko uliovunjwa kidogo. Mwaka 2024 jaribio la ioni zilizonaswa, lililofanyika Innsbruck, Austria, liliunga mkono jambo hilo. Hapo hakuna maziwa wala barafu. Kilichobaki ni kiini cha swali la Magamba: aliyeanza mbali anawezaje kutangulia kufika?

4.0 Tatizo la istilahi

Tafsiri inayokuja haraka ni "athari ya Mpemba". Ina kasoro mbili. Kwanza, katika matumizi ya kawaida athari huelekea kwenye madhara. Pili, kwa msikilizaji wa Kigombe, Mpemba ni mtu wa kisiwa cha Pemba kinachoikabili pwani yake. Atauliza Wapemba wamefanya nini. Neno "tokeo" huondoa kasoro ya kwanza, na jina kamili huondoa ya pili: tokeo la Erasto Mpemba.

Aidha, istilahi bila fasili ni sanduku tupu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, ya mwaka 1990, ilionesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Fasili inayopendekezwa hapa ni hii: tokeo la Erasto Mpemba ni hali ambapo mfumo ulioanza mbali zaidi na msawazo huufikia msawazo huo mapema kuliko mfumo ulioanza karibu. Neno la kufundishwa ni msawazo peke yake. Mengine yote mvuvi wa Kigombe anayo tayari.

5.0 Hitimisho

Lugha ya kufundishia sekondari nchini Tanzania imebaki Kiingereza. Mwanafunzi huona jambo jikoni au ufukweni kwa lugha moja, kisha hutakiwa kuliuliza darasani kwa lugha nyingine. Maswali mangapi hufia njiani, hakuna daftari linaloyahesabu. Swali la Mpemba lilinusurika kwa ukaidi wa mwulizaji na usikivu wa mtu mmoja. Wajibu wa wanaisimu ni kuhakikisha kwamba swali linalofuata halitahitaji bahati ya namna hiyo.