Mtoto Asiyeona Naye Ajenge
(Mazungumzo na kamati za parokia pamoja na wafadhili)



Ndugu wanakamati na wafadhili wetu wapendwa, tukizungumzia watoto wasioona huwa tunataja fimbo nyeupe na mashine za nukta nundu. Ni sawa kabisa. Leo naomba tuongelee mchezo, yaani yale matofali ya plastiki ya Lego ambayo baadhi yenu mngependa kuyaleta kwa maboksi.

Matofali yenyewe hayamshindi mtoto asiyeona. Vidole vyake vinahesabu vinundu na kupima ukubwa wa kipande bila msaada. Kinachomzuia ni kile kijitabu cha maelekezo: ni picha tupu.

Huko Marekani, kijana asiyeona aitwaye Matthew Shifrin alipotimiza miaka 13 aliletewa zawadi na rafiki wa familia, Lilya Finkel. Alikuwa amegeuza picha zote kuwa maneno ya nukta nundu, akakipa kila kipande jina, akavipanga vipande katika mifuko yenye lebo kufuatana na hatua za ujenzi. Kijana akajenga jumba zima mwenyewe. Wakaendelea kuandika maelekezo ya seti nyingine na kuyatoa bure. Finkel alifariki mwaka 2017. Mwaka 2019 kampuni ya Lego ilianza kutoa maelekezo ya sauti na ya nukta nundu kwa baadhi ya seti zake.

Angalieni basi, kazi kubwa ilikuwa ya maneno. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: “Chukua kipande chembamba cha vinundu viwili kwa vinne. Kilaze kuanzia kona ya kushoto, karibu nawe, upande mrefu uelekee kulia.” Ukisema tu “kiweke hapo pembeni”, mtoto amekwama. Kwa hiyo maelekezo lazima yajaribiwe na mtu asiyeona. Pale anaposita, sentensi iandikwe upya.

Kuna pia matofali ya nukta nundu, ambayo wazo lake lilianzia Brazil, kwenye Dorina Nowill Foundation for the Blind. Yanauzwa kwa watu wote tangu mwaka 2023. Vinundu vya kila tofali ni herufi, tarakimu au alama, na maandishi yake ya kawaida yamechapwa chini yake, hivyo anayeona na asiyeona wanacheza meza moja. Seti ya Kiingereza inafaa kuandikia Kiswahili, ila hesabuni kwanza herufi “a”. Mtoto akiandika “tunapanda karanga” tayari ametumia sita!

Ombi langu ni hili. Anayetaka kuchangia maboksi kumi, alete matano, na fedha iliyobaki ilipie mwandishi wa maelekezo, karatasi nzito za nukta nundu na posho ya mjaribu asiyeona. Kila kamati itafute mwalimu mmoja anayesoma nukta nundu, na jina lake lifike ofisini kwetu kabla maboksi hayajaagizwa.