Nani alilipa karatasi? Maneno tuliyosema mbele ya kura, Kindu

Tunaona hata wa Alunguli wamevuka na mutumbwi na jua hii yote. Aksanti sana.

Munajua kilichotuleta. Kuna mukubwa mumoja, jina lake tunaliacha, alisema atalipa fotokopi zote za kagazeti ketu mupaka mwaka uishe. Karatasi, wino, hata unite za simu. Hakuomba kitu. Hapo ndipo tulianza kuogopa. Wengine wetu walisema tukamate, franga ni franga, kwani tunachanga mia tano mia tano na toleo la mwezi uliopita halikutoka. Wengine walikataa. Tulikaribia kugombana, tuseme ukweli. Basi mbele ya kupiga kura tunataka kuwahadisia habari ya kagazeti kengine, si ka huku kwetu, ka Kampala.

Kaliitwa Transition. Mwenye kukaanzisha ni Rajat Neogy, kijana aliyezaliwa Kampala mwaka 1938, wazazi wake Wahindi. Alisoma London, akarudi, na mwaka 1961 akatoa toleo la kwanza. Alikuwa na miaka 22. Uganda ilikuwa haijapata uhuru bado, ilipata tarehe 9 Oktoba 1962. Hakuwa na chama nyuma yake. Wazo lake lilikuwa moja tu: kila mutu aandike anachofikiri, na asiyekubali ajibu kwenye toleo linalofuata. Nyerere aliandika mule, Achebe aliandika mule, na vijana wa Makerere pia.

Ukurasa uliopendwa sana ulikuwa wa barua. Huko watu walipigana kwelikweli. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika kwamba fasihi ya Afrika ikiendelea kwa Kingereza na Kifaransa imefika mwisho wa njia. Aliyasema hayo kwa Kingereza, ndani ya gazeti la Kingereza! Tunacheka, lakini nasi mukutano wetu wa kwanza ulifanywa kwa Kifaransa na wamama wa soko wakaondoka. Halafu 1966, Nkrumah akiwa ameangushwa mwezi wa pili, Ali Mazrui wa Mombasa akaandika kwamba Nkrumah alijifanya mufuasi wa Lenin na hapohapo mufalme. Wapenzi wa Nkrumah walikasirika sana. Neogy akachapa majibu yao pia.

Sasa tufike kwenye makuta.

Gazeti kama lile halijilipi. Msaada ulitoka kwa shirika moja la Paris, Congress for Cultural Freedom. Lilisaidia magazeti mengi, London, Nigeria, kwingine. Lilisema linatetea uhuru wa akili, na kweli watu wengi wazuri walifanya kazi nalo. Mwaka 1967 ikajulikana wazi kwamba nyuma ya shirika hilo kulikuwa CIA ya Marekani, imepitisha franga kwa mifuko mingine ili isionekane. Neogy alisema hakujua. Sisi tunamuamini. Lakini fikirini: miaka umewaambia watu hauna bwana, halafu siku moja wanasoma kwamba karatasi ililipwa na wapelelezi wa inchi kubwa. Utajibu nini? Ukisoma kurasa zile hauoni mutu akimushika Neogy mukono. Haikusaidia kitu. Toka siku hiyo kila neno lake lilikuwa na swali nyuma yake.

Na sisi hapa Kongo, tunaokumbuka Lumumba, hatuhitaji kuelezwa CIA ni nini.

Wale wanaosema «kataeni makuta, mutakuwa salama» nao wasikilize, kwa sababu hadisi haikuishia hapo. Obote alikuwa ameweka katiba mpya mwaka 1967. Abu Mayanja, avoka na mubunge, akaandika barua ya kuikosoa, na kuuliza kwa nini Waafrika wa Uganda hawateuliwi kuwa majaji wa mahakama kuu. Neogy akaichapa katika namba 37. Oktoba 1968 wote wawili wakakamatwa. Hawakushitakiwa kwa makuta ya Paris. Walishitakiwa kwa barua, eti ni uchochezi. Februari 1969 mahakama ikawaachilia, hakuna kosa. Wakashikwa tena palepale kwa sheria ya hali ya hatari. Neogy alitoka mwaka huohuo, lakini akiwa amenyanganywa uraia wa inchi aliyozaliwa. Mayanja alibaki ndani kuliko yeye.

Gazeti likahamia Accra mwaka 1971, baadaye Wole Soyinka akalishika na kulibadilisha jina, na mwaka 1976 likasimama. Mwaka 1991 likaamuka tena, huko Marekani. Kampala halikurudi. Neogy alikufa 1995, naye huko Marekani.

Kwa hiyo hatuwadanganyi. Tukikataa, wanaweza kutukamata. Tukikubali, wanaweza kutukamata vilevile. Tofauti ni hii: siku mama wa soko la Kasuku atatuuliza «ninyi, nani anawatuma?», tuwe na daftari la kumuonyesha. Neogy hakuwa nalo, kwa sababu hakujua mwenyewe nani aliweka kitu ndani.

Sisi tulioandika maneno haya tuko upande wa kukataa, na muachukue hivyo, si kama sheria. Tunajua bei yake: kurasa nne badala ya nane, na pengine tutabandika nakala moja kwenye ukuta wa kila mutaa badala ya kugawa.

Daftari la michango liko mezani, linaanza na siku ya kwanza, hata deni letu kwa mwenye mashini ya fotokopi limeandikwa mule. Lipitishwe kila mutu alione. Halafu wale wanaotaka tukubali waanze kusema, nasi tutanyamaza mupaka wamalize.